Walutheri wa Lamu si wajukuu wa Wajerumani wa Witu (uzi wa historia)

MtotoWaBandari (mwenye uzi)

Salaam wadau wa pwani. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Kila ninapojitambulisha hapa Lamu kwamba mimi ni Mlutheri, jibu ni lile lile: "Aa, nyinyi ndio wale wa Wajerumani. Wa Witu." Juzi mzee mmoja gatini alininyooshea kidole kuelekea Posta ya Wajerumani, kana kwamba funguo za jengo ninazo mimi. Hadithi yenyewe tamu, lakini haiko hivyo, na kwa kuwa hata vijana wetu wa kipaimara wameanza kuirudia, acha niiandike mahali pamoja.

Tuanze na Wajerumani wenyewe. Aprili 1885 ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, waliwekeana mkataba na Ahmed, sultani wa Witu (mji wa bara karibu na Lamu), yule aliyeitwa Simba. Huyu alikuwa Mnabahani wa Pate, aliyehamia bara na watu wake ili asiwe chini ya Unguja. Yeye alitaka mtu wa kumkingia kifua mbele ya Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, wao walitaka ardhi. Mwezi uliofuata Ujerumani ikatangaza kwamba Witu iko chini ya ulinzi wake. Novemba 1888 ikafunguliwa ile posta ya Lamu.

Haikudumu. Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia saini mapatano yao makubwa: Witu ikaenda kwa Mwingereza, na Mjerumani akapata, pamoja na mengine, kisiwa cha Heligoland huko Bahari ya Kaskazini. Watu wa Witu hawakuulizwa. Septemba mwaka huo huo Küntzell, Mjerumani aliyekuja kupasua mbao, aliuawa Witu pamoja na wenzake. Simba alikuwa amekwisha kufa, na aliyetawala ni Fumo Bakari. Oktoba, Admirali Fremantle akashusha askari wa manowari za Kiingereza wakauchoma mji. Machi 1891 posta ikafungwa. Miaka sita hivi, habari imekwisha.

Sasa nionyesheni, ndani ya miaka hiyo, usharika wa Kilutheri uko wapi. Denhardt walikuwa wafanyabiashara. Hawakuja na kengele ya kanisa.

Nitaendelea na wamisionari, maana walikuwapo, ila si wale mnaowadhania.

Mpita_Njia

Nimeweka mkeka. Endelea.

Mwamu_Halisi

Mwenye uzi, hapo kwa Fumo Bakari umepita mbio mno, lakini nakusamehe kwa kuwa uzi si wa Witu. Ila usiseme "Simba alihamia bara" kwa wepesi hivyo. Wale watu waliishi msituni wakiwapokea watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, ndiyo sababu Unguja ilitaka sana kuumaliza mji ule. Mjerumani alikuta siasa ya moto, hakuileta yeye.

Haya, lete wamisionari. Mimi ni Mwislamu wa Langoni, lakini habari ya mji wangu naipenda hata ikipitia kanisani.

MtotoWaBandari (mwenye uzi)

Ahsante Mwamu, nimepokea.

Mwaka 1887 walishuka Lamu wamisionari Wajerumani wa Neukirchen. Neukirchen ni mji mdogo karibu na Moers, upande wa mto Rhine. Misheni yao ilianzishwa 1882 na mchungaji Ludwig Doll, ambaye kabla ya hapo alikuwa na nyumba ya yatima. Doll alifariki mwaka uliofuata, akiwa bado kijana, na kazi ikaendelea bila yeye. Kanuni yao ilikuwa hii: hatumwombi mtu pesa, hatuna mshahara, Mungu akileta tunakula. Walijifunza mtindo huo kwa George Müller wa Bristol na kwa Hudson Taylor wa China.

Hapa ndipo watu wanapochanganya. Neukirchen haikuwa misheni ya Kilutheri. Ilipokea Walutheri na Wareformed (Waprotestanti wa mkondo wa Calvin) pamoja, bila kumbana mtu sana juu ya ungamo. Kwa Mlutheri wa Leipzig au Bavaria wa zama hizo, hilo lilikuwa jambo la kukunja uso. Kwao kanisa bila ungamo la Augsburg la 1530, yaani tamko la imani la Walutheri, halijakamilika.

Na hawakukaa Lamu kujenga sharika. Lamu ilikuwa mlango tu. Walitaka mto Tana, kwa Wapokomo. Jahazi hadi Kipini, kisha mtumbwi kupanda mto, mbu na homa juu. Kituo chao kikubwa kikawa Ngao. Anayejulikana zaidi kati yao ni Ferdinand Würtz, ambaye aliandika sarufi na msamiati wa Kipokomo, na akakusanya pia maneno ya Kitikuu cha ndugu zetu Wabajuni. Misamiati hiyo ilichapwa Ujerumani katika miaka ya 1890.

Kwa hiyo matunda ya Wajerumani wa Lamu yako Ngao. Na leo Ngao si Walutheri.

Ngao_Juu

Niliposoma kichwa cha uzi nilijua lazima tutatajwa 😂

Mimi ni Mpokomo, Mmethodisti, nimebatizwa Ngao. Kaka umesema kweli, ila umalize. Vita vya kwanza vilipokuja, Mwingereza aliwakamata Wajerumani wote, wa dini na wa dunia. Kazi ikaangaliwa na Wamethodisti, ambao walikuwa jirani siku nyingi: wenyewe walikuwa Golbanti, huko huko mto Tana, tangu 1885. Mwaka 1886 mmisionari wao Houghton na mkewe waliuawa hapo Golbanti na Wamaasai waliokuja kuteka ng'ombe. Kwa hiyo Wamethodisti walikuwa wamelipa gharama kabla hata mmisionari Mjerumani hajakanyaga Lamu.

Baada ya vita Wajerumani walirudi. Kisha vita vya pili, wakatiwa ndani tena. Mara hii hawakurudishiwa kazi. Ngao ikawa ya Methodisti moja kwa moja, na bibi zetu waliobatizwa na Wajerumani wakazikwa na Wamethodisti.

Lakini tabia za Neukirchen zilibaki. Bibi yangu alikuwa hawezi kukopa. Akiishiwa anaomba Mungu, anakaa. Sisi wajukuu tulikuwa tunaona ni ukaidi wa uzee, kumbe ni theolojia 😂

Na mkimaliza kuwagawana Wajerumani mkumbuke kwamba wimbo wa taifa mnaousimamia kila Madaraka, sauti yake ni ya wimbo wa kubembelezea mtoto wa Kipokomo.

BintiMalindi

Mimi Mwanglikana wa huku Malindi, na nina swali. Je, Krapf? Shuleni tulifundishwa kwamba mmisionari wa kwanza wa Kenya alikuwa Mlutheri wa Ujerumani. Rabai iko kaunti yetu ya Kilifi. Sasa ukisema Walutheri hawana mizizi pwani, Krapf unamweka wapi?

MtotoWaBandari (mwenye uzi)

Dada, swali zuri, na nilijua litakuja.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Derendingen karibu na Tübingen, huko Württemberg, na alisoma seminari ya Basel. Mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, naye ni mtu wa Gerlingen, Württemberg hiyo hiyo. Wote wawili wamelelewa katika Ulutheri, hilo halina ubishi. Lakini aliyewatuma ni Church Missionary Society ya London, chama cha Waanglikana. Wakati ule CMS ilikuwa na pesa na meli, ila Waingereza walio tayari kwenda kufa Afrika walikuwa haba. Basel ilikuwa na vijana tayari na haikuwa na pesa. Wakakubaliana.

Krapf alifika Mombasa 1844. Julai mwaka huo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga ng'ambo ya pili, upande wa Nyali. Rebmann alimfuata 1846, wakahamia Rabai. Mei 1848 Rebmann akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake, wakubwa wa jiografia huko London wakamcheka. Desemba 1849 Krapf akauona Mlima Kenya. Waongofu je? Wa kwanza waliyembatiza ni Mringe, mlemavu aliyekuwa kitandani karibu kufa, mwaka 1851. Rebmann alikaa huku karibu miaka 30 bila kwenda kwao. Aliondoka 1875 akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata.

Walichopanda kikawa Kanisa la Anglikana. Krapf alitafsiri sehemu za kitabu cha sala cha Kiingereza kwa Kiswahili. Hakutafsiri liturjia ya Württemberg. Kwa hiyo Rabai ni yenu, dada. Sisi Walutheri tunakuja pale kupiga picha tu.

Na kwa Mwamu: Krapf ndiye aliyepeleka Ujerumani miswada ya tenzi za kwetu kwa hati za Kiarabu, ikafika Halle 1854. Wasomi wa Ulaya wakaanza kuona kwamba pwani hii ina fasihi iliyoandikwa.

Mwamu_Halisi

Haya, hapo umenigusa, na mimi nitasema langu.

Watu wakiuliza kwa nini Neukirchen hawakupata waumini Lamu mjini, jibu halihitaji kitabu. Wakati wao wanatafuta wa kuwasikiliza, Habib Swaleh alikuwa Langoni akifundisha watoto wa watu wasio na ukoo wala mali, wale ambao mmisionari angewatarajia. Mwanzoni mwa karne ya 20 msikiti wa Riyadha ukasimama, na maulidi yakawavuta watu mpaka kutoka Comoro. Nani angeondoka kwenye dufu aende kukaa benchi kusikiliza Mjerumani?

Lakini kuingiliana kulikuwapo, na aliyekuwa katikati ni Muhamadi Kijuma. Mtu wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati nzuri, mchonga milango, mpiga ala. Huyu ndiye aliyeandika utenzi wa Fumo Liyongo 1913. Wazungu wote waliotaka kujua Kiamu, lahaja ya Lamu, walipita kwake. Alizaliwa kama 1855 akafa 1945, kwa hiyo aliwaona wote: Denhardt, posta, wamisionari, Waingereza.

Mwaka 1936 alikuja Ernst Dammann na mkewe Ruth. Dammann alikuwa mchungaji wa usharika wa Wajerumani wa Tanga. Mlutheri huyo, mwenye uzi, usikimbie. Wakakaa wakinakili tenzi kwa Kijuma, tayari mzee sana, na kwa wengine, na 1940 zikachapwa Ujerumani. Zile karatasi ndizo zinatusaidia leo kujua babu zetu walikuwa wakiimba nini. Ila huyo huyo Dammann alikuwa mwanachama wa chama cha Hitler, na huko Tanga alikuwa na cheo chamani. Na hilo liandikwe pia.

MtotoWaBandari (mwenye uzi)

Sikimbii, Mwamu. Liandikwe. Mambo yote mawili yaandikwe kwenye ukurasa mmoja, maana kuna kawaida ya kuyatenga: wapenda fasihi wanataja tenzi, wanahistoria wa vita wanataja chama.

Ila angalia alichungia wapi: Wajerumani walowezi wa Tanga. Lamu alikuja kwa ajili ya miswada. Tena hakuacha usharika.

Mpita_Njia

Kwa hiyo Walutheri wa kweli walikuwa wapi siku zote hizi? Maana naona kila Mjerumani unayemshika unasema si wetu.

MtotoWaBandari (mwenye uzi)

😂 Haya, hapa ndipo penyewe.

Walutheri wenye ungamo lao kamili walifika pwani yetu 1886, mwaka mmoja kabla ya Neukirchen. Walitoka Hersbruck, Bavaria. Hawakupita Lamu. Walikaa Jimba, karibu na Rabai, kaunti hii hii ya Kilifi anayokaa BintiMalindi. Shabaha yao ilikuwa Ukambani, na baadaye wakaingia hadi Ikutha. Kazi ilikuwa ngumu, homa na ukame viliwapunguza, na misheni yenyewe ilikuwa ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wakaikabidhi kwa misheni kubwa ya Kilutheri ya Leipzig.

Leipzig wakatazama ramani. Mpaka kati ya Mjerumani na Mwingereza ulikuwa umekatwa, na Kilimanjaro ilikuwa imeangukia kwa Mjerumani. CMS walikuwa wameondoka Moshi baada ya kugombana na serikali ya Kijerumani. Mwaka 1893 Leipzig wakaingia Kilimanjaro. Huko mambo yakawa mengine. Si kwamba ilikuwa rahisi, Oktoba 1896 wamisionari wao wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Meru (ile ya karibu na Arusha), na kisasi cha jeshi la Kijerumani kwa watu wa Meru na Arusha kilikuwa cha kutisha. Lakini shule zikajengwa, walimu Wachaga wakafundishwa, na kanisa likashika.

Vita vya kwanza vikaja. Upande wa Kenya, vituo vya Leipzig vya Ukambani vikaishia mikononi mwa Africa Inland Mission. Ukienda Mulango au Ikutha leo utakuta AIC, kanisa la misheni hiyo. Upande wa Tanganyika, Wajerumani walifukuzwa 1920, lakini kanisa halikupewa mtu mwingine likapotea. Walimu Wachaga na Wameru waliendesha ibada wenyewe, Walutheri wa Marekani wa Augustana wakaja kusaidia, na miaka kadhaa baadaye Leipzig wakarudi.

Kwa hiyo Ulutheri ulioanzia Jimba ulifutika Kenya ukabaki Kilimanjaro. Na uliporudi Kenya haukurudi na Mzungu yeyote. Ulirudi na Mchaga mwenye sanduku la bati.

Mama_wa_Likoni

Mwanangu umenitoa machozi na sanduku la bati. Baba yangu alikuwa nalo!

Sisi ni watu wa Machame. Baba alikuja Mombasa kabla ya uhuru, kazi ya reli na bandari. Wakati ule ilikuwa East African Railways and Harbours, mtu anahamishwa Moshi, Tanga, Voi, Mombasa, ni kama nyumba moja. Jumapili Wachaga, Wapare na Wasambaa walikuwa wanakusanyika nyumbani kwa mtu. Nyimbo za kitabu cha Kilutheri cha Tanganyika, sauti nne, kwa kichwa. Hakuna mchungaji. Aliyejua kusoma vizuri ndiye anasoma neno. Meza ya Bwana mpaka mtu atoke Moshi.

Wenyeji wa Mombasa walikuwa wanatuita "kanisa la Watanganyika". Hatukuona vibaya, ndivyo tulivyokuwa.

MtotoWaBandari (mwenye uzi)

Shikamoo mama. Hapo ndipo nilipokuwa nakwenda, na umenifikisha.

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana yakawa kanisa moja, ambalo leo ni KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania). Vikundi vya Walutheri wa Mombasa na Nairobi vililelewa kutoka huko. Wachungaji walitoka Tanzania, vitabu vilitoka Tanzania, hata namna ya kuendesha mnada wa mavuno ilitoka huko. Mkungu mmoja wa ndizi unanunuliwa mara tatu na kurudishwa madhabahuni, na mnunuzi wa mwisho anaondoka bila ndizi!

Kisha 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa, mpaka 1983. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka wakubwa wakizungumza juu ya mchungaji ambaye hawezi kuja, na juu ya barua zinazozungushwa. Moshi, ambayo baba alikuwa akiiita nyumbani, ikawa nchi ya kuombea ruhusa. Nadhani, na hii ni rai yangu, miaka ile ndiyo iliyotufundisha kwamba hatuwezi kuwa tawi la watu wengine milele. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 likasimama kanisa lenyewe, Kenya Evangelical Lutheran Church, KELC.

Mwalimu_Hindi

Mwenye uzi, naomba kuingilia. Unaandika kana kwamba Walutheri wote wa Kenya walitoka Kilimanjaro. Mimi ni Mkisii, Mlutheri wa tangu kuzaliwa, nafundisha huku Hindi, Lamu, na babu yangu hakumjua Mchaga hata mmoja.

Kwetu walikuja Waswidi, 1948, wakaanza Itierio. Walikuwa na kazi Ethiopia kabla ya hapo. Wakajenga shule, zahanati, na kanisa likasajiliwa katika miaka ya 1960. Hilo ndilo Evangelical Lutheran Church in Kenya, ELCK. Sisi tuko Gusii, Nyanza, na sehemu nyingi za kaskazini. Kwa hiyo makanisa ya Kilutheri nchini ni mawili, na mtu akisema tu "Mlutheri" hujamjua bado.

Mpita_Njia

Mawili kwa nini sasa? Luther si mmoja?

Mwalimu_Hindi

Ndugu, moja limezaliwa na Waswidi magharibi, jingine limezaliwa na Watanzania pwani na Nairobi. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Baadaye tofauti zikaonekana, kubwa ikiwa suala la kuwawekea wanawake mikono ya uchungaji. ELCK inakataa. Wenzetu wanakubali. Mimi hapa sisemi nani yuko sawa, maana mke wangu anasoma uzi huu.

MtotoWaBandari (mwenye uzi)

Mwalimu, nakubali kabisa kuhusu Kisii, uzi wangu ni wa pwani. Na mwambie mama nyumbani namsalimu.

Na sasa Lamu yenyewe. Nitasema kwa kifupi, maana historia yake ni fupi. Walutheri waliopo huku wamekuja na barua za kazi. Walimu, manesi, polisi, makarani wa kaunti Mokowe, watu wa benki. Wachache wana mashamba upande wa Mpeketoni na Hongwe, wametokana na ule mpango wa makazi wa Lake Kenyatta ulioanza miaka ya 1970. Kichekesho ni kwamba mpango ule ulisaidiwa na Wajerumani kupitia GTZ, shirika lao la misaada: kupima mashamba, barabara, visima. Wajerumani wamerudi Lamu mara ya pili, na tena hawakuanzisha usharika.

Kundi letu ni dogo. Tuna mwinjilisti, hatuna mchungaji wa kukaa. Meza ya Bwana na ubatizo hungoja mchungaji apande basi kutoka kusini, na mnajua hali ya barabara ile ilivyokuwa. Juni 2014 Mpeketoni ilivamiwa, watu zaidi ya 60 wakauawa, ikafuata amri ya kutotembea usiku na mabasi kusindikizwa na askari. Watumishi wengi wa kutoka bara waliomba uhamisho. Kwa kundi ambalo lote ni watumishi waliohamishiwa, mtajaza wenyewe kilichotokea. Kwaya ilibaki na sauti ya pili na besi.

Waliobaki hatukufunga. Mwalimu Hindi na wenzake wa ELCK wakawa wanakuja kwetu na sisi kwao, bila kusubiri Nairobi iamue. Tarehe 31 Oktoba, siku ya Matengenezo, tunavaa nyekundu pamoja. Watoto wa kipaimara wanakariri katekisimu ndogo ile ile ya 1529, wawe wa Mswidi au wa Mchaga.

Mwalimu_Hindi

Na wanasahau sehemu ile ile. Amri ya tisa na ya kumi lazima wachanganye.

BintiMalindi

Kaka, sasa nimeelewa kuhusu Jimba. Mimi nimepita huko mara nyingi kwenda kwa mashangazi Rabai na sikuwahi kusikia mtu akisema kulikuwa na Wabavaria. Kuna kitu kimebaki?

MtotoWaBandari (mwenye uzi)

Dada, kilichoandikwa kiko Ujerumani zaidi kuliko hapa, kwenye majarida ya misheni na barua za wamisionari kwa wakubwa wao, na Kijerumani chenyewe ni cha maandishi ya zamani yasiyosomeka kirahisi. Lakini wazee wa Rabai wana kumbukumbu zao, na wewe una mashangazi huko. Waulize kuhusu Jimba bila kuwatajia Ulutheri, maana ukiwatajia watakujibu unachotaka kusikia. Uliza mashamba ya zamani ya misheni yalikuwa ya nani, na nani alizikwa wapi.

Ngao_Juu

Na wasije wakakupeleka kwa Krapf. Rabai ukisema "Mzungu wa zamani" unapelekwa kwa Krapf.

BintiMalindi

😂 Kweli kabisa. Nitauliza mashamba.

Mwamu_Halisi

Mimi bado nina ubishi mdogo. Umesema Walutheri wa huku si wajukuu wa Wajerumani wa Witu. Sawa. Lakini Leipzig si Wajerumani? Kilimanjaro si koloni la Mjerumani? Umeukataa mlango wa mbele ukaingia wa nyuma.

MtotoWaBandari (mwenye uzi)

Mwamu, hapo hunipati. Sikatai Mjerumani. Ninachokataa ni kuwaruka watu walio katikati. Kati ya Leipzig ya 1893 na mimi wa Mokowe kuna walimu Wachaga walioshika kanisa Wajerumani walipofukuzwa, kuna baba wa Mama wa Likoni aliyekuwa akisoma neno sebuleni, kuna miaka ya mpaka kufungwa. Ukisema "nyinyi ni wa Wajerumani wa Witu" wote hao unawafuta, na unaweka mahali pao wafanyabiashara wawili na kapasua mbao kamoja.

Mwamu_Halisi

Haya, hilo nalikubali. Na hiyo ndiyo hoja niliyokuwa naitaka tangu mwanzo, ungeiweka juu kabisa tusingesoma Heligoland yote.

Mama_wa_Likoni

Mwanangu, baba alikuwa katibu wa kikundi chetu. Ameacha daftari la kumbukumbu za vikao, jalada gumu, limeliwa na mende pembeni. Majina ya waliobatizwa yamo, na sadaka ya kila Jumapili kwa shilingi na senti. Sijui kama lina maana kwa mtu.

MtotoWaBandari (mwenye uzi)

Mama! Lina maana kuliko kila kitu nilichoandika hapa juu. Tafadhali usilitoe juani kulianika, na usiweke selotepu kwenye kurasa zilizochanika, inaharibu karatasi zaidi. Liweke ndani ya bahasha kavu tu. Majina ya watu usiyaweke hapa mtandaoni, wengine wana watoto ambao hawajaulizwa.

Mchungaji wetu anapita Likoni Jumatano kabla ya kupanda basi kuja huku. Nakutumia ujumbe wa faragha sasa hivi tupange, yeye ataleta skana kwako, daftari lisitoke nyumbani.

Mama_wa_Likoni

Nimeuona ujumbe. Jumatano nipo mpaka saa nane. Mwambie asinywe chai njiani.